Kutafuta na Kuziba Uvujaji Katika Paa la Faibaglasi la Gari-Nyumba

Doa la kwanza lilijitokeza kwenye dari, juu ya kitanda kilicho juu ya kiti cha dereva. Lilikuwa na ukubwa wa kisahani cha chai na ukingo wa rangi ya hudhurungi, na kwa kuwa halikuwa mbali na tundu la hewa la paani, nilipanda juu siku hiyohiyo nikalizungushia tundu lile silikoni bila ubahili. Mvua iliyofuata, doa likaongezeka. Nikaongeza silikoni. Ilipita miezi 14 kabla sijatambua kwamba maji hayakuwa yakiingia pale hata kidogo: yalikuwa yakiingia zaidi ya mita 1 mbele yake, nyuma ya mojawapo ya zile taa 5 ndogo za rangi ya chungwa zilizopangwa kwenye paji la gari, kisha yakifuata waya wa taa ndani ya dari na kudondoka pale waya ulipolegea ukaning'inia. Kufikia hapo plaiwudi ilikuwa laini kama mkate uliolowa chai, na silikoni niliyoipaka ilinigharimu siku 2 nyingine za kuikwangua.

Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kutafuta, si ya kuziba. Kuziba ni kazi ya saa chache ambayo mtu yeyote anayeweza kushika bisibisi na bunduki ya silikoni ataimudu. Kutafuta ndiko kunakotaka subira, na ndiko wengi wetu tunakokuruka. Ninaandika nikiwa Indiana, Marekani, jimbo ambalo magari-nyumba mengi ya nchi hii hutengenezwa katika mji wake wa Elkhart na vitongoji vyake, kwa hiyo vipimo na mifano ninayoitoa ni ya magari ya huku. Yale ya Ulaya yana tofauti katika vifaa vilivyofungwa paani, lakini maji huingia kwa njia zilezile.

Paa lilivyoundwa na pale linaposhindwa

Paa la faibaglasi kwa kawaida ni karatasi ndefu ya nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa rezini ya poliesta, yenye unene wa milimita chache tu, ikiwa na tabaka laini la jelikoti juu yake linaloikinga dhidi ya jua. Karatasi hiyo imegandishwa juu ya plaiwudi nyembamba. Chini ya plaiwudi kuna povu gumu la kuzuia joto lililopangwa katikati ya mbavu za alumini au mbao. Na chini kabisa ndiyo dari unayoiona ukiwa umelala. Tabaka hizo zote zimebanana, hivyo tone likishapita lile la juu halina pa kutokea haraka, bali husambaa kando, likifuata ubavu, waya au mshono wa plaiwudi, mpaka lipate tundu la skrubu au la taa ya ndani.

Faibaglasi yenyewe, ikiwa nzima, haipitishi maji. Mashua za faibaglasi hukaa baharini miaka mingi. Kinachovuja ni matundu tuliyoyatoboa sisi wanadamu: tundu la hewa la bafuni na la jikoni, tundu la kiyoyozi, dirisha la paani juu ya bafu, mabomba ya kupumulia ya matangi ya maji machafu, kofia ya nyuma ya jokofu, antena, miguu ya ngazi, skrubu za paneli za sola, na taa za mbele na za nyuma. Baada ya hayo huja mishono, yaani pale karatasi ya paa inapokutana na kipande cha mbele na cha nyuma cha gari, na pale inapokutana na kuta za ubavuni.

Karibu mahali pote hapo pamezibwa kwa silanti, yaani gundi inayonyumbuka ya kuzibia mianya, na silanti ni kitu chenye umri. Jua huikausha ikapasuka. Alumini, plastiki na faibaglasi hutanuka kwa viwango tofauti mchana na kunywea usiku, na kila tofauti huivuta silanti upande wake. Barabara mbovu hulipinda gari zima, na skrubu hulegea kidogo kidogo. Huku kwetu kuna pia baridi: maji yaliyoingia kwenye ufa mwembamba mwezi wa Novemba huganda usiku, na kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, ufa ule hufunguliwa kila usiku kama kwa kabari. Gari lililovuja matone machache msimu wa vuli linaweza kufika majira ya kuchipua likiwa linavuja kama chujio.

Je, ni paa kweli?

Kabla ya kupanda ngazi, jiulize unyevu huo hutokea lini. Swali hili ni la bure na limewaokoa watu wengi kazi ya wiki nzima.

Ikiwa dari hulowa tu wakati kiyoyozi kinafanya kazi siku za joto lenye unyevunyevu, na hukauka siku za mvua ambazo kiyoyozi kimezimwa, basi yaelekea sinia ya kiyoyozi imeziba kwa takataka na maji yake yanafurika kuelekea ndani. Ikiwa matone hutokea asubuhi za baridi, hasa kwenye vichwa vya skrubu, kwenye fremu za madirisha na ndani ya makabati yasiyopitisha hewa, hayo si mvua bali ni pumzi zenu, mapishi yenu na gesi yenu. Watu husahau kwamba propani ikiungua hutoa maji: kilo 1 ya propani huzalisha takriban kilo 1.6 za mvuke wa maji, na jiko au hita isiyo na bomba la kutolea moshi nje huuacha mvuke huo wote ndani ya chumba. Dawa yake ni kufungua tundu la hewa kidogo, na hakuna silanti itakayosaidia. Ikiwa unyevu upo wakati wote, mvua inyeshe isinyeshe, na uko chini ya dirisha au karibu na sinki, chunguza mabomba kwanza.

Kinachobaki, yaani unyevu unaokuja na mvua au siku moja baada yake, ama unaotokea mara gari linapofunga breki baada ya mvua, ndicho cha paa. Andika pia gari lilikuwa limeegeshwa vipi. Doa langu lilikuwa likikua kila nilipoegesha kwenye njia ya nyumbani, ambapo pua ya gari huwa juu, na halikukua hata kidogo wiki 2 tulizokaa kwenye kambi iliyo tambarare. Habari hiyo pekee ilitosha kunionyesha kwamba maji yalikuwa yakitoka mbele, kama ningekuwa na akili ya kuisoma.

Ukaguzi wa macho na mikono

Chagua siku kavu isiyo na upepo. Paa la gari-nyumba liko takriban mita 3 au zaidi kutoka ardhini, na faibaglasi iliyolowa huteleza kuliko sabuni, kwa hiyo usipande peke yako na usipande kukiwa na umande. Tandika kipande cha plaiwudi chenye upana wa kutosha kupiga magoti, ukihamishe kadiri unavyosogea, kwa sababu uzito wako ukiwa umekusanyika kwenye goti moja unaweza kuipasua jelikoti mahali ambapo plaiwudi ya chini imeshaoza.

Osha paa kwanza kwa maji, sabuni laini na brashi. Usitumie mashine ya maji ya shinikizo kubwa, maana huyasukuma maji chini ya silanti iliyokuwa bado inafanya kazi. Paa likikauka, pitia kila kifaa kwa vidole, si kwa macho tu. Silanti nzima hunyumbuka kama ufizi. Iliyochoka ni ngumu, ina vipasuko kama matope ya bwawa lililokauka, au imeinua ukingo kiasi kwamba ukucha unapita chini yake. Bonyeza kandokando ya kila tundu: paa linalobonyea na kurudi taratibu, au linalotoa sauti ya maji, limelowa chini. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi, usikilize sauti inapobadilika kutoka ile kavu na kali kuwa butu. Weka alama kwa tepu ya karatasi, wala usizibe kitu chochote kwanza.

Usisahau taa za paji la gari. Zimefungwa kwenye sehemu iliyosimama, kwa hiyo huwezi kuziona vizuri ukiwa paani wala ukiwa chini, na unapoendesha mvua hupigwa dhidi yake kwa kasi ya upepo wa barabara kuu. Fungua kifuniko cha kila taa. Ukikuta kutu kwenye skrubu au mstari wa uchafu ndani, umepata mtuhumiwa. Angalia pia mkanda wa plastiki unaofunika skrubu za reli za pembeni: ukiwa umenywea na kuacha pengo mwishoni, maji hukaa ndani ya mfereji huo na kulainisha skrubu moja baada ya nyingine.

Ukiwa ndani, kipima unyevu cha bei ya kawaida kitakuambia mengi zaidi ya macho. Chenye sindano 2 huacha vijitundu, kwa hiyo kitumie ndani ya makabati na nyuma ya vifuniko vya taa. Kile cha kubandika hakiachi alama lakini hudanganyika kinapopita juu ya ubavu wa alumini. Kwenye mbao, kipimo kilicho chini ya asilimia 15 si cha kutia wasiwasi. Kati ya 15 na 20 rudi upime tena baada ya wiki. Kikizidi 20, ukungu na kuvu za kuozesha mbao zimeshapata makazi au ziko njiani. Pima kila sentimita 20 na uandike namba hizo kwenye karatasi uliyochora ramani ya dari. Namba kubwa kuliko zote mara nyingi iko karibu na pale maji yanapoingia, wakati doa liko pale yanapotokea, na mstari unaounganisha mahali hapo pawili ndio ramani ya safari ya maji.

Jaribio la maji

Toa kifuniko cha dari au cha taa ya ndani karibu na doa ili mwenzako aweze kumulika kwa tochi. Wewe panda na mpira wa maji usio na kichwa cha kurushia, maji yakitiririka tu kama mvua ya kawaida, na uanzie chini kwenda juu: kwanza dirisha, kisha reli ya pembeni, kisha mshono wa mbele, ndipo matundu ya paani, ukianza na yale yaliyo kwenye mteremko wa chini. Ukianzia juu, maji yatalowesha kila kitu kwa pamoja na hutajua lipi limevuja.

Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Nilipofanya jaribio hili mara ya kwanza nilikipa kila kifaa dakika 2, nikamaliza paa zima kwa nusu saa, na sikupata kitu. Mzee mmoja wa Tanga, jirani yangu aliyewahi kutengeneza mashua za faibaglasi kabla ya kuhamia huku, alikuwa amesimama chini akinitazama. "Mwanangu," akaniambia, "maji hayana haraka kama wewe. Yaache hapo hapo, tukanywe chai." Tukaacha mpira ukitiririka kwenye taa za mbele, na kikombe cha pili kilikuwa bado hakijaisha mke wangu alipoita kutoka ndani kwamba kuna tone. Tangu siku hiyo kila kifaa hukipa dakika 15, na nikibadilisha mahali husubiri dakika nyingine 10 kabla ya kufungulia tena. Jaribio zima huchukua mchana mzima, litengee Jumamosi.

Jaribio la hewa

Pale ambapo maji hayaonyeshi kitu, hewa huonyesha. Karakana kubwa zina mashine maalumu ya kulijaza gari hewa, lakini kipulizi cha majani cha umeme kinaweza kufanya kazi hiyo. Kisiwe cha petroli, maana moshi wake wote ungeingia ndani. Zima kwanza kila kitu chenye mwali wa gesi, ufunge gesi kwenye mtungi. Funga madirisha na milango, ziba kwa tepu feni ya jikoni na tundu lolote lililoachwa wazi kwa makusudi, na umimine maji kidogo kwenye kila sinki na bafu ili mikunjo ya bomba inayoshika maji chini yake iwe imejaa. Kata ubao au boksi gumu litoshee kwenye dirisha moja lililo wazi, litobolee tundu la mdomo wa kipulizi, kisha kiwashe kwa kasi ndogo. Unachotaka ni shinikizo dogo tu, kiasi cha kusikia mlango ukisukumwa kidogo unapoufungua. Ukiona dirisha la paani linafura, punguza mara moja.

Sasa panda juu na chupa ya kunyunyizia yenye maji na matone machache ya sabuni ya vyombo. Nyunyiza polepole kwenye kila mshono na kila kichwa cha skrubu, ukitazama viputo. Tundu dogo hufanya povu zuri linalokua kama la mtoto anayepuliza sabuni. Lakini tundu kubwa halitoi kiputo hata kimoja, kwa sababu hewa hulipeperusha povu kabla halijajiunda, kwa hiyo pitisha pia kiganja kilicholowa uhisi upepo. Fanya kazi hii asubuhi au jioni, maana paa likipata moto sabuni hukauka kabla hujaiona. Uzuri wa njia hii ni kwamba huonyesha matundu yote kwa siku moja, yakiwemo yale ambayo yangeanza kuvuja mwakani.

Silanti ya kutumia na ya kuiacha dukani

Nitasema bila kupepesa macho: silikoni ya dukani, ile ya bafuni na jikoni, isikanyage paa la gari-nyumba. Ikishachoka hakuna kitu kinachoshika juu ya mabaki yake, hata silikoni mpya, na mafuta yake huachwa kwenye faibaglasi hata baada ya kuikwangua, hivyo kila atakayekuja kurekebisha baadaye ataanza kazi kwa kulaani jina lako.

Kwa sehemu zilizolala, kama kandokando ya matundu ya hewa na mabomba, kuna silanti inayojitandaza yenyewe. Ya Dicor ndiyo inayojulikana zaidi huku. Humiminika kama uji mzito, ikafunika skrubu na kuziba vijipengo bila kusawazishwa. Usiitumie kwenye sehemu iliyosimama au yenye mteremko mkali, kwa sababu itatiririka mpaka ukutani. Kwa mishono na sehemu zilizosimama tumia silanti ya poliuretani isiyotiririka, kama zile za Sikaflex, inayoshika faibaglasi na alumini kwa nguvu na kubaki ikinyumbuka. Hiyo hukauka kwa unyevu wa hewa, takriban milimita 3 kwa siku, kwa hiyo usiiwekee mvua ya jioni hiyohiyo wala usiamini kwamba imekauka kwa sababu ngozi yake ya juu imekauka. Jihadhari nayo pia kwenye plastiki: madirisha ya paani ya akriliki na baadhi ya vifuniko vya plastiki hupasuka vikiguswa na poliuretani au na viyeyushi vyake, kwa hiyo soma maelekezo ya kifaa, na ukiwa na shaka tumia tepu ya butili peke yake.

Tepu ya butili ni ule mkanda laini wa kijivu au mweusi, kama udongo wa kuchezea, unaowekwa chini ya kifaa kabla hakijafungwa kwa skrubu. Huo ndio unaozuia maji. Silanti ya juu ni koti la kuulinda. Mtu anayepaka silanti juu wakati butili ya chini imekufa anavaa koti juu ya shati lililolowa.

Kurekebisha tundu la hewa, hatua kwa hatua

Kwangua silanti ya zamani kwa kikwangulio cha plastiki, ukiipasha moto kidogo kwa kipuliza hewa moto inaposhindikana kutoka, bila kuiunguza jelikoti. Fungua skrubu zote na ukiinue kifaa chote. Usijaribiwe kukiacha kimefungwa. Ondoa butili ya zamani mpaka faibaglasi iwe wazi, kisha futa kwa kitambaa safi chenye alkoholi ya isopropili, ukibadilisha kitambaa mpaka kisitoke na uchafu. Asetoni inakubalika kwa kufuta haraka kwenye faibaglasi, lakini usiiguse kwenye kifaa cha plastiki.

Tundu likiwa wazi, angalia ukingo wa plaiwudi. Ikiwa ni kavu na ngumu, endelea. Ikiwa skrubu zake zinazunguka bila kushika, safisha kila kijitundu, ukijaze epoksi (rezini inayochanganywa na kigumishi ikaganda), uache igande, kisha utoboe upya kwa drili nyembamba. Weka tepu ya butili kwenye ukingo wa chini wa kifaa, ikipita pande zote mbili za matundu ya skrubu na ncha zake zikipishana, kisha ukirudishe na ufunge skrubu kwa zamu za kukabiliana, kama unavyofunga nati za gurudumu, kidogo kidogo mpaka butili ianze kutokeza pembeni kwa usawa. Rudi kesho yake uzikaze tena, maana butili huendelea kujisukuma usiku kucha. Kata iliyotokeza, kisha paka silanti inayojitandaza juu ya kila skrubu na kwenye ukingo mzima.

Kiyoyozi kina utaratibu wake. Hakizibwi kwa silanti hata kidogo. Kinakalia gasketi nene ya sponji inayozunguka tundu la mraba la inchi 14 kwa 14, na kinabanwa kwa bolti 4 ndefu zinazoshikwa kutoka ndani. Kata umeme wote kwanza. Gasketi ikiwa bado nzima, kaza bolti kwa zamu mpaka ibanwe kufikia takriban nusu ya unene wake wa awali. Ikiwa imeshalala bapa, kukaza zaidi kutaipinda tu paa na kutengeneza bwawa dogo la maji kuzunguka kiyoyozi. Nunua mpya, na utafute mtu wa pili wa kunyanyua, kwa sababu kifaa hicho ni kizito kwa mgongo mmoja.

Mishono na mfereji wa pembeni

Mshono wa mbele na wa nyuma ukishasafishwa mpaka kwenye faibaglasi tupu unaweza kuzibwa kwa poliuretani, au kwa tepu ya kudumu kama Eternabond yenye upana wa sentimita 10. Mimi napendelea tepu kwenye mshono ulionyooka, ila ina hulka moja: ikishagusa haibanduki. Pima, kata, ishike na mwenzako pande zote mbili, ondoa karatasi ya nyuma kidogo kidogo, kisha ukandamize kwa roli ndogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Isibandikwe juu ya silikoni wala juu ya silanti ya zamani yenye vinundu, kwa kuwa kila kinundu ni mlango.

Baadhi ya magari yana paa ambalo ukingo wake umekunjwa kuelekea chini na kuchomekwa kwenye mfereji wa reli ya alumini ubavuni, bila skrubu, likishikiliwa na silanti na mkunjo wake. Mfereji huo unastahili kukaguliwa mara 2 kwa mwaka, kwa sababu silanti yake ikiachia, si maji tu yanayoingia: upepo wa barabara kuu unaweza kuingia chini ya karatasi na kuanza kuiinua. Toa silanti iliyolegea, safisha mfereji kwa brashi ya meno na alkoholi, bandika tepu ya karatasi juu na chini ili mstari utoke safi, ujaze poliuretani isiyotiririka bila kuacha mapengo, uisawazishe kwa kidole kilichovaa glavu, na utoe tepu ya karatasi kabla silanti haijafanya ngozi.

Nyufa kwenye faibaglasi yenyewe

Mistari myembamba kama utando wa buibui mara nyingi ni ya jelikoti pekee na haivuji. Ufa unaopitisha maji hutokana na tawi lililogonga, skrubu iliyokazwa kupita kiasi, au mguu uliokanyaga mahali palipooza.

Toboa kijitundu cha milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kutembea. Kisha piga msasa au grinda ukitengeneza mteremko mpana kila upande. Kanuni inayofuatwa na mafundi wa mashua ni mara 12 ya unene, kwa hiyo karatasi ya milimita 2 inahitaji takriban sentimita 2 na nusu kila upande wa ufa. Vumbi la faibaglasi huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Vaa barakoa ya vumbi laini, miwani na mikono mirefu.

Kwa kuziba, epoksi hushika faibaglasi ya zamani vizuri kuliko poliesta. Tumia kitambaa cha kufumwa badala ya ule mkeka wa nyuzi zilizotawanywa, kwa kuwa mikeka mingi ya aina hiyo hushikanishwa kwa gundi inayoyeyuka ndani ya poliesta tu. Changanya epoksi kwa kipimo kilichoandikwa bila kubuni. Kuongeza kigumishi hakuiharakishi bali huiacha nata milele. Imimine kwenye sinia pana, maana ikiachwa kwenye kikombe hujipasha moto yenyewe na kuganda mkononi. Weka tabaka 2 au 3 ukitoa hewa kwa brashi, subiri igande, ioshe kwa maji ili kuondoa utando wa nta unaojitokeza juu, piga msasa, kisha uipake rangi, kwa sababu jua huila epoksi isiyo na kinga.

Mbao zilizolowa

Kuziba paa juu ya plaiwudi iliyolowa ni kuyafungia maji ndani. Fungua dari pale namba za kipima unyevu zilipokuwa kubwa, toa povu lililolowa, na uweke feni pamoja na mashine ya kukaushia hewa kwa siku nyingi, wakati mwingine wiki kadhaa, ukipima kila baada ya siku 2 mpaka mbao zishuke chini ya 15. Wakati huo paa lifunikwe kwa turubai lililoinuliwa kidogo ili hewa ipite chini yake. Plaiwudi inayochomeka kwa bisibisi bila kuzuia haiponi kwa kupakwa epoksi nyepesi. Ikatwe na ibadilishwe kutokea chini. Ikiwa eneo lililooza linazidi nafasi iliyo kati ya ubavu mmoja wa paa na mwingine, au karatasi ya paa imeachana na plaiwudi na kufura kama chapati, hapo mwite fundi mwenye vifaa vya kubana, na mtake akuonyeshe mbao zikiwa wazi kabla hajazifunika.

Kazi ikiisha, usirudishe dari mara moja. Subiri silanti ikauke kwa siku chache, rudia jaribio la maji kwa dakika 15 zilezile mahali palepale, gari likiwa limeegeshwa kwa mteremko uleule uliolivujisha. Kisha acha dari wazi mpaka mvua kubwa 2 zipite. Ndani ya kabati lililo karibu, andika kwa kalamu ya wino usiofutika tarehe, aina ya silanti uliyotumia na namba za mwisho za kipima unyevu. Kwenye langu safu ya kwanza inasoma 31, 28, 22, na ya mwisho inasoma 11, 12, 11.